Sindano ya Zizini

Shemeji yangu mkubwa, kaka wa mume wangu, hakuwahi kusomea utabibu, wa mtu wala wa mnyama, lakini kule Sibwesa nilikoolewa ndiye aliyewachoma sindano ng'ombe wote wa ukoo tangu walipohamia na mifugo kutoka kaskazini. Na watu pia. Mume wangu alipoanza kukohoa, alimchoma dawa ileile iliyobaki kwenye kichupa cha zizini. Homa ikashuka, akaacha. Ikarudi, akachoma tena. Nikisema twende hospitali Mpanda, naambiwa nimezoea vya mjini, kisa nimezaliwa Kawajense.

Tulikwenda aliposhindwa kumaliza sentensi bila kuhema.

Daktari akatuonyesha picha. Nimonia ilikuwa imelitoboa pafu la kulia, hewa na usaha vimejaa kifuani, pafu lenyewe limesinyaa. Wakampenyeza mpira ubavuni, ukawa unamwaga kwenye chupa yenye maji chini ya kitanda. Dawa zikabadilishwa, hazikufua dafu. Vipimo vikaonyesha vijidudu vimeshazizoea nyingi. Daktari akauliza alikuwa anatumia nini nyumbani. Nikasema yote, tena kwa sauti, shemeji akiwa palepale. Akatazama dirishani kama vile anasemwa mtu mwingine.

Pafu halikufunguka. Tukapewa rufaa kwenda kwa mabingwa, safari ya siku nzima, na huko wakampasua kifua. Wakakwangua ganda la usaha lililolibana pafu, wakaziba tundu, sehemu iliyooza wakaikata. Mimi nilikuwa kwenye benchi nje, na hasira zangu zilizidi hofu. Hata waliokuja kunipa pole niliwaona wananichokoza.

Alipona. Nasema alipona kwa kuwa anatembea, ingawa jembe haliwezi tena, na akibeba ndoo moja tu lazima akae chini.

Tuliporudi Sibwesa, ndugu na majirani walijaa uani. Mume wangu akaomba wanyamaze, akasema kwa ile sauti yake mpya, nyembamba:

"Nyie hamjui tu. Bila zile sindano za kaka, hata Mpanda nisingefika. Mama watoto, mshukuru kaka."

Wote wakanigeukia. Kwa kina mume wangu, mwanamke humshukuru shemeji mkubwa kwa kupiga goti. Nikapiga goti, nikasema asante, na mpaka leo sijajua nimchukie yupi zaidi kati ya wale ndugu wawili.