Gauni Lisilo na Mgongo

Ile Jumamosi naikumbuka vizuri, mwanangu, maana sijawahi kukasirika vile, kabla wala baada yake. Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa msichana wa shule hapo Temeke, na sie vijana wa mtaa tulijitolea kukusanya vitu vya kuwapelekea wenzetu waliokimbia vita vya Mreno, wakavuka mto Ruvuma kuja upande wetu. Kina mama na watoto, wanalala nje huko kusini. Lori la kuazima lilikuwa limeshafika, dereva anapiga honi, kwa sababu masika yalikaribia, na barabara ya Rufiji ikishajaa maji ndiyo basi tena.

Na watu walileta nini? Wee! Kiatu kimoja cha kushoto. Shati lililobaki kola tu. Chandarua kilichotafunwa na panya. Mtu mzima mwenye akili zake alileta tai! Ukimtazama usoni, anangoja umshukuru.

Mie nachambua huku nanung'unika. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kitwana, akanikemea: "Pakia, binti! Mkimbizi naye atachagua?"

Mama Filomena, muuza vitumbua wetu, mwenyewe alikuwa ameuvuka mto ule mwaka wa nyuma. Aliposikia hivyo akapanda nyuma ya lori, akakaa mlangoni, akanyoosha miguu.

"Shikamoo, balozi," akasema. "Mie nilivuka na kanga moja, imelowa. Nikapewa gauni halina mgongo. Wenzangu walipoitwa kupokea unga, nikabaki kibandani, naona haya kutoka. Mwanangu akalala na njaa. Sasa hili shati hapa, livae wewe kwanza, uende nalo sokoni. Ukirudi, nitalipakia kwa mikono yangu."

Balozi akafoka. Akataja mvua, akamtaja dereva, akataja cheo chake. Mama hakushuka.

Basi mke wa balozi, Bi Mwanahawa, akaenda zake nyumbani. Akarudi na mablanketi mawili mapya, bado yamekunjwa kama yalivyotoka dukani. "Nilikuwa nimewawekea wageni," akamwambia mumewe. "Ukinizuia, leo utalala barazani."

Watu wakacheka. Kisha wakaanza kutawanyika mmoja mmoja na kurudi na kanga za Idi, sufuria nzima, shuka, sabuni. Lori liliondoka alasiri, halikujaa hata nusu, na likawahi kuvuka Rufiji kabla mvua haijafunga njia. Mama Filomena tulikuwa tumemshusha kwanza kwa kumshika mikono, miguu imekufa ganzi.

Leo nawaona nyie mnavyokusanya, nachoka kabisa. Mkisikia kuna vita mahali, mnafungua kabati kutafuta cha kutupa, halafu mnapiga picha. Jamani! Kabla hujafunga mfuko, shika kila nguo ujiulize kama ungeivaa mbele za watu. Kama usingeivaa, ichome moto, usimbebeshe aliyekwishaelemewa. Na kama huna kizuri cha kutoa, njoo ubebe mizigo, mikono nayo inatakiwa.

Mungu akupe cha kutoa, mwanangu, na moyo wa kukitoa kingali kizima. Na akukinge wewe na kizazi chako, msije mkasimama mbele ya mtu anayewapa tambara na kungoja mseme asante. Amina.