Kiboti Kisicho na Klachi

Nianze kwa kusema kwamba nilikuwa sahihi. Kwa kiboti cha kuongozwa kwa redio, mashine isiyo na klachi ni bora kuliko yenye klachi, na hata leo mtu akinibishia nitamkalisha chini nimweleze mpaka chai yake ipoe. Nilikuwa sahihi kwa kila kitu, na bado nikakosa chumba.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mbele, katika nyumba ya Mwarabu mmoja mwenye duka la jumla, Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, miaka ile ya hamsini. Mimi nilikuwa fundi redio wa barazani kwake. Ufundi niliupata jeshini wakati wa vita, nikarudi nao mjini pamoja na kiburi. Karakana yangu ilikuwa meza moja ya mbao, na mvua ya upande ikianza nilikumbatia redio za watu nikatafuta pa kujibanza. Upande wa pili wa baraza hiyo hiyo alikaa fundi baiskeli, Mkristo kutoka Kilimanjaro, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Naye alikitaka chumba kile. Kila asubuhi tulisalimiana kwa adabu, kila mmoja akimwombea mwenzake ahame mji.

Mwenye nyumba wetu, ambaye wote tulimwita Ami, alikuwa na ugonjwa wa minada. Mzungu akifunga virago kurudi kwao, Ami alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuuliza kitu ni cha nini. Alishawahi kununua kinanda ambacho hakikupita mlangoni. Safari hii alirudi na kreti yenye kiboti cha mbao kirefu kama mkono wa mtu mzima, redio ya kukiongozea, na mashine mbili za mafuta, kila moja ukubwa wa ngumi. Mimi ndiye niliyemweleza kwamba mtu anaweza kusimama ufukweni, akabonyeza kitufe, na chombo kikageuka majini bila kamba. Macho yalimtoka. Papo hapo akatangaza kwamba Idi pili, alasiri, atawapeleka wafanyabiashara wenzake ufukweni karibu na Feri wakashuhudie. Na fundi atakayekifanya kiboti kiende na kurudi, atapewa funguo za chumba cha mbele.

Kwenye redio sikuwa na mpinzani. Ubishi ulikuwa wa mashine. Moja iliunganishwa moja kwa moja na rafadha, lile panga dogo la kusukuma maji, kwa hiyo mashine ikiwaka tu, panga nalo linazunguka. Ya pili ilikuwa na klachi katikati. Hiyo ikiunguruma polepole panga limetulia. Ukiifungulia mafuta ikakaza mwendo, ndipo klachi inashika na kiboti kinaondoka.

Fundi baiskeli alitaka yenye klachi. Alisema mashine hizi hazina adabu, kwa hiyo ikishakubali kuwaka ni afadhali uiache iungurume, ujipange, ndipo uende. Nilimcheka mbele ya wateja wake. Nikamwambia klachi ni ya watu wanaoanza kufikiri baada ya kuwasha. Nikaendelea: klachi ina uzito, itakikalisha kiboti matako majini; mafuta yakiingia inateleza; inakula nguvu; na kila kipande cha ziada ni kipande cha kukuharibikia baharini. Alinisikiliza hadi mwisho huku anaziba pancha, kisha akaniuliza swali moja tu.

"Na watu?"

Nikamjibu kwamba watu hawaingii ndani ya mashine. Jibu hilo nililipenda sana, nikalirudia kwa watu watatu kabla ya adhuhuri.

Ami alisikia neno nguvu, akachagua yangu. Fundi baiskeli hakununa. Alikuja mezani kwangu akasema siku hiyo atanishikia kiboti majini, mimi nibaki na redio. Nilimwona mjanja: leo ashike kiboti, kesho adai nusu ya chumba. Nikamshukuru kwa sauti ya kumfukuza. Mpango wangu ulikuwa kuwasha mwenyewe, kukishika kiboti kwa mikono miwili hadi kikae sawa, kukiachia, na kupiga hatua tatu hadi kwenye kisanduku cha redio. Nilijizoeza kwenye beseni la mke wangu mara nane, na mara zote nane mashine iliwaka na kuwalowesha majirani. Mke wangu aliniuliza beseni lake limemkosea nini.

Idi pili ikafika. Wageni wa Ami walisimama mchangani na kanzu zao mpya, wakiogopea viatu. Upepo ulileta harufu ya samaki wa kukaanga kutoka Feri, na mbele yetu matishari mawili ya bandari, yale mabapa ya kubebea mizigo, yalikuwa yametia nanga. Kisanduku changu nilikitua nchi kavu, mlingoti wake wa chuma umesimama wima. Nikapiga magoti majini na suruali yangu ya sikukuu, nikazungusha kamba kwenye gurudumu la mashine, nikavuta. Iliwaka kwa mvuto wa kwanza. Nilifurahi, sitaficha, nikamtupia jicho fundi baiskeli aone. Kiboti kilikuwa kinanivuta mikono, nami nikaanza kulegeza vidole.

"Ngoja," Ami akasema. "Bado dua."

Katika mji ule hakuna duka lililofunguliwa bila dua, wala gari jipya lililotoka, wala chombo kilichoshushwa majini. Hata cherehani ilisomewa. Nilijua hayo tangu nanyonya. Lakini nilikuwa nimepima uzito, nimepima mafuta, nimepima kina cha beseni, na dua haikunijia kichwani hata mara moja. Ami akamgeukia mwalimu wa madrasa, aliyekuja naye, akamwomba atusomee dua fupi.

Mwalimu yule hakuwa na dua fupi. Alianza na chombo, akaja kwa mwenye chombo, wazazi wake, marehemu wake, wasafiri, wagonjwa, na mvua za vuli. Mashine ilivyopiga kelele naye alipandisha sauti. Kuizima nilihitaji mkono wa tatu wa kubana mrija wa mafuta. Kila ombi lilipokwisha watu waliitikia "Amina", viganja vyao vimefunuliwa kifuani, na vyangu vimo majini. Mzee mmoja alinitazama mikono, akatazama mbingu, akanirudia mimi. Mtu mzima, Muislamu, siku ya Idi, dua inasomwa, kang'ang'ania kidude cha kuchezea. Aibu ilinipanda hadi masikioni.

Ndipo mwalimu akavuta pumzi akasema, "Al-Fatiha."

Neno hilo haliombi ruhusa kwa mtu. Mikono ya ufuko mzima ilinyanyuka, na yangu nayo, yote miwili. Nilikuwa nimeshafika aya ya tatu nilipogundua kwamba viganja vyangu vimelowa na havina kitu.

Kiboti kilikwenda vizuri sana. Nataka hilo lijulikane. Kilikwenda kimenyooka, kina kasi, hakikukaa matako majini. Mimi nilitaka kukimbilia kisanduku, lakini wageni walikuwa wamejipanga katikati, macho wamefumba, na mtu hampigi kikumbo mwenzake ndani ya Fatiha. Nilipofika nilibonyeza kitufe mpaka kidole kikaniuma, ila kilikuwa kimeshalikaribia tishari mno, nafasi ya kugeuka hakina. Kiboti kilijigonga ubavuni mwa tishari, kikainua pua, kikazama. Ami alimalizia sura yake kwa utulivu, akajipangusa uso kwa viganja, akatazama bahari.

"Dua imepokelewa," akasema. "Kimekwenda."

Walicheka mpaka wengine wakakalia mchanga na kanzu zao mpya. Fundi baiskeli hakucheka. Muda wote wa dua alisimama pembeni kwa heshima, kofia mkononi. Akanisogelea akaniambia taratibu, "Ndiyo maana nilitaka nikushikie mimi. Mimi siitikii Fatiha."

Kesho yake alipewa funguo. Ami alinieleza kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko matusi: imani yangu haina dosari, msikitini nisimame safu ya mbele, ila chumba chake anampa mtu ambaye mikono yake inabaki kwenye mali. Nilimchukia Ami, nikamchukia fundi baiskeli, na kwa wiki kadhaa salamu zangu zilikuwa kichwa tu.

Masika yalipoanza, siku moja mvua ya upande ilinikuta na redio tatu za wateja mezani. Nilizikumbatia zote, nikageuka, pa kujibanza sina. Mlango wa chumba cha mbele ukafunguka. Fundi baiskeli alikuwa ameshasogeza baiskeli zake ukutani na kusafisha kona moja. Niliingia nimelowa, nikasimama nazo hapo hapo kifuani.

"Weka pale," fundi baiskeli akasema. "Na usiachie mpaka zikae."