Ngumi Juu ya Kiganja

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mezani naacha chakula. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, asubuhi nabeba nyama machinjioni Vingunguti, jioni nafanya karate Temeke, kwenye ukumbi aliokodi Mwalimu Mponda.

Shule yetu ilikuwa na nembo iliyochorwa ukutani: ngumi iliyofunikwa na kiganja, ndani ya duara. Haikuuzwa. Mwalimu alikuita siku akiridhika, akakueleza maana yake, kisha akakupa ukaishone kifuani kwenye koti la mazoezi. Mie nilingoja miaka mitatu. Hamisi, rafiki yangu niliyepanga naye chumba kimoja, alianza nyuma yangu mwaka mzima, akaipata kabla yangu. Nilimpongeza mbele za watu. Moyoni niliungua.

Basi nikachora nembo kwenye karatasi, hivyo hivyo nilivyoikumbuka, nikampelekea fundi cherehani Tandika anishonee kifuani. Jumamosi nikavaa koti langu, nikapita nalo mtaani hadi kijiwe cha kahawa. Nilitaka wanione, nao waliniona. Hamisi akanikuta hapo. Akaitazama nembo, akacheka. Si kwa ubaya. Alikuwaga mtu wa utani.

"Braza, umeikosea. Ngumi umeiweka juu ya kiganja! Halafu nani kakupa?"

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Nikampiga. Ngumi moja tu, ikampata jichoni.

Hospitali walisema jicho la kushoto limekwenda. Alikuwa amebakiza wiki mbili kuanza kazi ya udereva wa lori, akapewa mwingine.

Mwalimu alinikuta kwenye benchi nje ya wodi, bado nimevaa lile koti. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Hakuitikia. Alikaa, akaniangalia kifuani.

"Miaka mitatu umeiona ukutani," akasema, "hukuniuliza hata siku moja kile kiganja kinafanya nini."

"Nilidhani ni kofi, Mwalimu."

"Kinaizuia ngumi. Nilikuwa nangoja uniulize."

Akainuka, akaingia kwa Hamisi. Hakunisemesha tena. Wazazi waliwatoa watoto wao, na kabla ya mwaka kwisha ukumbi ulifungwa. Mwalimu akarudi kwao Lindi, akafia huko. Mie nilipata habari wakati arobaini yake imeshapita.

Hamisi bado yupo Temeke. Tukikutana njiani hunisalimia, huku akigeuza kichwa chote ili anione. Anasema alishanisamehe. Sijawahi kumwamini, maana mwenyewe sijajisamehe.

Siku hizi nawaona mmejibandika simba na majoka migongoni. Siwakatazi. Ila kabla hujaivaa alama ya watu, kaa na mwenye nayo akwambie inakutaka uweje, na kama huwezi kuwa hivyo, iache. Mwenzako akipewa kabla yako, nenda kwa mwalimu ukaulize umepungukiwa nini. Na ukichekwa, ondoka. Ile aibu yangu kijiweni ingeisha kabla ya Ijumaa.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe nguvu, akupe na subira ya kukaa nazo. Akulinde wewe, na siku utakayokasirika awalinde walio karibu nawe.