Mwokoaji wa Bwawani

Mwokoaji wa bwawa la Igombe akiwa majini hana maneno mengi. Hubana kiganja cha jirani, na mstari mzima wa watafutaji husimama. Mtu akipotea, huwapanga waogeleaji wakashikana mikono, wakaburuza nyayo topeni polepole. Jumapili moja Zamda alipiga yowe: mumewe Nasri haonekani, na kandambili zake ziko ukingoni. Mstari ukaingia majini. Mara Nasri huyo, anatafuna karanga, kavaa kandambili za mwingine! Watu wakaangua kicheko, mikono ikaanza kuachiana. Mwokoaji akabana kiganja.

“Na mwenye hizo alizovaa yuko wapi?”

“Ni zangu, kaka,” akasema Shigela. “Mimi huyu uliyenishika.”

Mwokoaji akacheka mpaka machozi, lakini mkono hakuuachia hadi ukingoni.