Kofia ya Kihenge cha Eyotaru

Nyumba ya Eyotaru ilikuwa wazi, kuta tupu zikitazama mawingu, lakini kihenge chake cha nafaka kilikuwa kimevikwa turubai jipya la rangi ya machungwa. Nilisimama uani kwake, kijijini Dranya, nikashindwa kuacha kukitazama. Wiki iliyotangulia upepo wa mvua ya mawe ulikuwa umeng'oa mapaa ya kijiji karibu chote, na kampuni moja ya rangi ilikuwa imegawa maturubai ya kufunika nyumba wakati mabati yakisubiriwa. Nilijiuliza: mtu huwekaje nafaka pakavu, mwenyewe akalala mvuani?

Moris, afisa wa kampuni, naye alikuwa na swali hilohilo. Alikuwa amekuja na wafanyakazi wawili kupiga picha za kila turubai likiwa juu ya nyumba, ndipo mabati ya nyumba hiyo yapakiwe mjini Arua. Mimi nilikuwa mwenyeji wa kuwaongoza kijijini, kazi ya miezi michache niliyoipata baada ya chuo, ingawa kusema mbele za watu hunipa shida.

"Mama, hii turubai iko ya nyumba," Moris alisema.

"Najua. Nyumba iko pale, haikimbii."

"Sasa kwa nini iko kwa kihenge?"

"Goli ikiwa wazi, golikipa inaenda kulala?" Eyotaru alisema. "Mimi nikilowa, nakauka. Mbegu ikilowa, inaota humo ndani."

Wale wafanyakazi wawili walicheka. Eyotaru alizaliwa Onduparaka, mahali penye timu yake ya mpira, na miaka yote ya ndoa huku Dranya haijamtoa mpira kichwani. Redio yake huning'inia jikoni, na majirani husema timu yake ikifungwa, mboga za siku hiyo hukosa chumvi. Mumewe alipofariki, shemeji zake walidhani atarudi kwao. Yeye akaendelea kulima. Akakata fito, akakanda udongo, akajenga kihenge kipya juu ya mawe, kikubwa kuliko cha kwanza.

Moris alinyoosha mkono kufunua pindo la turubai. Eyotaru akaingia katikati.

"Wewe iko na mama?"

"Iko."

"Baba yako alikuwa anachungulia kihenge yake?"

Moris akarudisha mkono. Kwetu hata mume hachungulii kihenge cha mkewe; ni sawa na kumpekua mwilini.

"Basi mabati itaenda kwa mwingine, mama," alisema kwa upole. "Si mimi. Kampuni inataka picha ya nyumba."

Eyotaru alitazama kuta zake, kisha kihenge, kisha kuta tena. Upande wa Kongo wingu jingine lilikuwa likijikusanya.

Mimi hunyamaza mpaka nafasi ya kuuliza ipite. Siku ile udadisi uliishinda haya yangu.

"Mama, kihenge chenyewe hakikuwa na kofia yake ya nyasi?"

"Iko na kofia. Upepo ilitupa kwa shamba ya Saturnino. Iko pale, nzima."

"Mbona hairudi?"

"Binti, nabeba na hii kichwa yangu moja? Ile inataka watu wanne. Na kila mutu hapa anashika paa yake."

Moris alinitazama, nami nikawatazama wale wafanyakazi wawili.

Kofia ilikuwa imekaa wima katikati ya mihogo ya jirani, kama kibanda cha mtu mfupi, na kuku wawili walikuwa wameshahamia ndani. Tukawatoa, tukainua. Nyasi zilizonyonya mvua ni nzito kuliko nilivyowahi kufikiri. Maji yalitutiririkia shingoni, na sikuona kitu isipokuwa viatu vya Moris vikizama kwenye tope mbele yangu.

"Bosi, inama kidogo," Eyotaru alimwelekeza. "Iko mrefu kama mlingoti ya goli, unamwagia wenzako maji."

Uani alilitoa turubai yeye mwenyewe. "Macho chini, wote."

Tuliinua kofia juu ya mdomo wa kihenge. Ulikuwa karibu na shavu langu kabisa. Ilinijia harufu ya moshi, simsim na kitu kingine kitamu nisichokijua. Kugeuza jicho tu kungetosha. Nikaukazia macho udongo hadi kofia ilipokaa mahali pake.

Turubai lilipanda juu ya nyumba kabla ya matone ya kwanza. Moris akapiga picha, nyasi zikiwa bado nyweleni mwake, kisha akapiga simu Arua. "Ya mama Eyotaru pia," alisema. "Pakia."

Tulijikinga chini ya turubai lile huku mvua ikilipiga. Si mimi peke yangu niliyekuwa nikiwaza harufu ile.

"Mama," Moris alisema, "tuambie sasa. Ndani iko nini?"

Eyotaru alikuwa akitafuta stesheni kwenye redio yake.

"Leta mabati," alisema. "Siku ya kupiga misumari nitapika. Utakula, utajua."