Firigisi ya Jumapili ya Mwisho

Jumatatu tingatinga zingeanza kubomoa gorofa za zamani za wafanyakazi pale Kakamega mjini, zijengwe mpya. Kwa hivyo Ayuma alibakiwa na Jumapili moja tu ya kumwambia jirani yake jambo lililomkaa moyoni miaka kumi na moja.

Usidhani alikuwa mwoga. Huyu ni mama aliyepandisha maji ndoo kwa ndoo hadi orofa ya nne mifereji ilipokauka, akafuga kuku kwenye veranda huku watu wa ofisi ya nyumba wakifoka, na Krismasi ikifika wao hao wakaja kuonja. Lakini mambo ya moyo, ala! Hapo ulimi ulikuwa unamganda.

Jirani mwenyewe ni Shikanga, fundi rangi mstaafu wa mlango wa pili, naye alifiwa na mkewe zamani. Tangu Bramwel, mumewe Ayuma, afariki, Shikanga alikuwa akila hapo kila Jumapili. Alipewa paja la kuku, alipewa mgongo, ugali mpaka ashindwe. Firigisi hakupewa. Kwao firigisi ni ya mwenye nyumba. Mgeni haiombi na mwanamke haionji. Ayuma aliitenga kando, jioni akampa paka, na paka yule alinona akashindwa kupanda ngazi.

Jumapili hizo zilikuwa tamu, jamani. Milango wazi orofa nzima, watoto wakiteleza ngazini kwa makalio, harufu ya vitunguu ikitoka kwa huyu na kuingia kwa yule. Ukiishiwa na chumvi unagonga ukuta tu, unaletewa. Hizo gorofa mpya za lifti wanazotuahidi, nani atagonga ukuta? Ayuma aliyakumbuka hayo yote akikoroga mchuzi, akalia, wala si kwa sababu ya vitunguu.

Mizigo ilikuwa imeshafungwa. Kesho yeye angeenda kwa dada yake kule Khayega, Shikanga angerudi kwao Malava. Wakaketi juu ya magunia. Ayuma akapakua, akaweka firigisi kwenye sahani ya Shikanga.

Shikanga aliitazama kitambo, kisha akairudisha kwenye sufuria taratibu.

"Mama Tevin, umekosea sahani."

"Sijakosea, Baba Winrose."

"Hii ni ya Bramwel. Alikuwa rafiki yangu."

"Nyumba ya Bramwel inaanguka kesho," Ayuma akasema. "Mimi siangukangi nayo."

Mzee akaivuta sufuria karibu. Halafu akaitoa ile firigisi, akaikata katikati kwa kisu, nusu akaitia mdomoni. Nusu nyingine akamwekea Ayuma kiganjani.

"Kule Malava mwenye nyumba ni mimi," akasema. "Na kwangu tutakuwa tunagawana. Kula."

Ayuma alikuwa na miaka sitini na mitatu, na hakuwa amewahi kuionja.