Kwa Karatasi, Nilikuwa Nyumbani

Miaka kumi na moja nimezunguka, Mtwara, Lindi, Kilwa na kurudi, nikitengeneza vyerehani vya watu, na katika miaka hiyo nimeambiwa subira yavuta heri mara nyingi kuliko nilivyoambiwa asante. Heri yenyewe sikuiona. Tangu gesi igunduliwe baharini mbele ya kijiji chetu, upande wa Msumbiji, kila mgeni aliyefika alikuja na ramani, na mwishowe ramani ikamfikia mama yangu. Nyumba yake, minazi yake na kisima chake vikakutwa ndani ya mstari wa eneo la gesi. Akanipigia simu.

"Jumamosi wanakuja na malori kutuhamishia Quitunda, kwenye nyumba walizotujengea. Mwanangu, usiniache nikatolewa na watu baki."

Mimi ndiye mtoto pekee aliyebakiwa naye. Nikamwapia kwamba Alhamisi nitakuwa kwake.

Alhamisi hiyo nilikuwa Namoto, kwenye kituo cha mpaka, nimeshavuka Ruvuma, viatu mkononi na matope hadi magotini, kwa sababu mashua ilipanda fungu la mchanga tukashuka wote kuisukuma. Hilo sikulinung'unikia. Lililoniudhi lilikuwa mezani kwa ofisa wa mpaka, kijana mpole aliyeletwa kazini kutoka kusini, asiyejua Kiswahili hata cha salamu. Aliipekua pasi yangu mbele nyuma, kisha akanieleza kwa Kireno, taratibu, kama mtu anayemsomesha mtoto. Muhuri wa kuingia Msumbiji mwaka jana ulikuwepo. Wa kutoka haukuwepo. Kwa hiyo sikutoka, na ambaye hajatoka hawezi kuingia.

"Kwa karatasi, bwana, wewe uko nyumbani," alisema.

Nilitamani kumpiga kwa kiatu, ingawa haki ilikuwa upande wake. Mwaka jana, nikitoka kwa mama, nilidandia mtumbwi wa wavuvi waliokuwa wakienda kuzika ng'ambo. Sisi watu wa mto huu ndivyo tulivyo. Nani anayekwenda mazikoni akapitia kwanza kupigiwa muhuri? Sasa ilibidi maelezo yangu yaandikwe, yapelekwe mjini Palma, yasainiwe, yarudi. "Paciência," akaniambia. Subira tena, na safari hii kwa Kireno!

Nikakaa kwenye gogo pamoja na mama mmoja muuza samaki wakavu. Naye alikuwa amekwama. Gari lililokuwa limpeleke Palma halikuja. Hakuhangaika. Alifungua tenga lake palepale akaanza kuwauzia wanaovuka.

"Kaka, njia ikijifunga, na wewe funga mdomo upumzike," alinicheka. "Palma siendi tena. Soko langu leo ndiyo hapa."

Nilimwonea wivu hadi nikamchukia kidogo. Lakini samaki huuzika popote. Mama yangu alikuwa anahamishwa mara moja tu.

Ijumaa mama alipiga simu. "Umefika wapi?"

"Namoto."

"Jana Namoto, leo Namoto?"

Jumamosi nilipiga mimi, mara sita, simu ikaita tu. Nilizunguka ile ofisi nikitukana kimoyomoyo: mto, muhuri, gesi, na zaidi ya yote ule mtumbwi nilioudandia kwa raha zangu.

Karatasi ilirudi Jumapili asubuhi. Saini yenyewe ilikuwa fupi kuliko ukucha wangu. Nikapata pikapu, na tulipofika Quionga gurudumu likatoboka. Dereva alicheka, akasema ya safarini hayo. Nililipiga teke gurudumu, nikaumia kidole.

Quitunda niliuliza nyumba hadi nyumba, maana zote ni za matofali na zote zimefanana. Nilimkuta mama anasali adhuhuri. Nikasimama mlangoni. Alisali rakaa mbili, akatoa salamu.

Hakunigombeza, na nilitaka anigombeze. Aliniambia tu kwamba jirani ndiye aliyemshika mkono kupanda lori, kisha akanipakulia wali.

"Mama, umesali mbili," nilisema. "Adhuhuri ni nne."

"Nne za mkaaji. Mimi niko safarini tangu jana."

Hasira zote za siku nne zikanipanda. Nikamkumbusha nilichosomeshwa na baba katika chuo cha Kurani: msafiri akishatia nia ya kukaa mahali, hapunguzi tena sala. Nyumba ni yake, funguo anazo, kitanda kimeshaunganishwa. Safari gani hiyo?

Alinitazama kama vile mimi ndiye niliyechanganyikiwa.

"Nani kakwambia nimetia nia ya kukaa?"

Alasiri ilipoingia alitandika mikeka miwili, wangu mbele, wake nyuma. Nikakimu, nikasalisha mbili.